Miezi sita ya mgeni wako: kuongeza siku, kuvuka Lunga Lunga au kwenda kwa AG?

Swali hili huja likiwa limeshachelewa. Mtu ana mchumba kutoka Ujerumani au Italia, wamepanga nyumba Mtwapa, pwani ya Kenya, mama wa mahamri keshamzoea mgeni hata anamkopesha, na siku ya 83 ndipo mmoja wao anafungua pasipoti na kuanza kuhesabu kwa vidole. Muhuri aliogongewa uwanja wa ndege ulimpa siku 90. Zimebaki saba. Hapo simu zinapigwa, na kila anayepokea ana ushauri wake: nendeni mkaongeze siku, vukeni mpaka wa Tanzania pale Lunga Lunga mrudi, oaneni tu kwa AG, yaani ofisi ya Mwanasheria Mkuu, yaishe.

Njia zote tatu zipo. Ila hazifanyi kazi moja, na wengi huchukua ile iliyo karibu na mfuko wao badala ya ile inayofaa hali yao.

Tuanze na kuongeza siku, maana ndiyo njia yenye lawama ndogo. Tangu Januari 2024 Kenya haitoi tena viza ya utalii kama tulivyoijua; mgeni huomba idhini ya kusafiri mtandaoni, eTA, kabla ya kupanda ndege. Watu bado wanaiita viza, na kutokana na jina hilo wanadhani ndiyo inayowapa haki ya kukaa. Sivyo. eTA inakufikisha mlangoni. Kinachokuruhusu kukaa ndani ni pasi ya mgeni, yaani muhuri wa afisa wa uhamiaji, na afisa anaweza kuandika siku pungufu ya 90 akiona hivyo. Pasi hiyo ndiyo inayoongezwa: ombi hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, upande wa huduma za wageni, kisha mambo humalizikia kwenye ofisi za uhamiaji, Nyayo House kwa walioko Nairobi, au jengo la Uhuru na Kazi kwa sisi wa Mombasa. Mwisho wake ni miezi sita kwa jumla. Sharti ambalo watu hulipuuza ni kwamba uombe kabla siku hazijaisha. Ukishapitisha, hata kwa bahati mbaya, wewe si mgeni tena. Uko nchini kinyume cha sheria, na sheria ya uraia na uhamiaji ya mwaka 2011 inataja faini ya hadi shilingi 500,000 au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili.

Faida ya njia hii ni kwamba haikulazimishi uamue jambo la maisha ndani ya wiki moja. Kasoro yake ni kwamba haimjengei mgeni chochote. Miezi sita ya pasi ya mgeni haihesabiwi popote, hairuhusu kazi, hata kibarua cha kumsaidia rafiki kwenye hoteli yake ya Diani, na ikiisha, imeisha.

Kuna wapenzi ambao hawahitaji mbio hizi. Ukiwa na mchumba wa Tanga au wa Jinja, itifaki ya soko la pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inampa raia wa nchi mwanachama pasi ya hadi miezi sita bila malipo. Nataja hili kwa sababu tukisema "mpenzi wa kigeni" pwani hii, akili inakimbilia kwa mzungu, ilhali ndoa za Lunga Lunga na Horohoro, upande wa Tanzania, zina umri mkubwa kuliko mpaka wenyewe.

Njia ya pili, ya kuvuka na kurudi, ina sifa kubwa kuliko inavyostahili. Inaeleweka kwa nini inapendwa: safari fupi ya gari, viza ya Tanzania dola 50 kwa wengi wao, usiku mmoja Tanga, kesho mko nyumbani na muhuri mpya. Wapo waliofanya hivyo mara kadhaa na hawakuulizwa neno. Lakini angalia unachokitegemea: ukarimu wa afisa uliyemkuta zamu siku hiyo. Ana mamlaka ya kukupa mwezi mmoja, au wiki mbili, au kukugeuzia njiani, na pasipoti yenye mihuri ya kwenda na kurudi kila baada ya miezi mitatu inamsimulia habari yote kabla hujafungua mdomo. Mtalii wa kweli haji mara nne kwa mwaka na begi lile lile. Na akikataliwa, atakataliwa upande wa pili wa mpaka, nguo zake ziko Mtwapa na wewe uko Mtwapa. Kama anatoka nje kwa sababu yake, akapumzike Zanzibar au akamsalimie rafiki Kampala, sawa. Kupangia nyumba juu ya hilo ni kucheza pata potea.

Inabaki ndoa, na hapa ndipo mambo yanapokuwa mazito.

Hesabu ya kwanza ni ya siku tu. Ndoa ya serikali, ile tunayoita ya kwa AG, inataka notisi ya siku 21 chini ya sheria ya ndoa ya mwaka 2014. Mgeni anatakiwa alete cheti kwamba hana kizuizi cha ndoa kwao. Mjerumani anakipata kwa msajili wa mji wake, Mwitaliano anafuata nulla osta, ndiyo cheti chenyewe kwa jina la kwao, ubalozini, na karatasi hizi haziji kwa siku saba. Ipo leseni maalumu inayofupisha kungoja kwa notisi, ila haifupishi kungoja kwa karatasi za kwao. Ndoa ya Kiislamu haina tangazo la siku 21, na pwani hii tumewaona wanaume wa kizungu wanaosilimu Alhamisi na kuoa Ijumaa. Siwahukumu, wengine wamedumu katika dini kuliko mashahidi wao.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hushtuka kulisikia: cheti cha ndoa chenyewe hakimwongezei mgeni hata siku moja. Kinampa mwenza Mkenya haki ya kumwombea pasi ya mtegemezi, na wakati ombi linashughulikiwa mgeni lazima awe na ruhusa halali ya kuwepo. Kwa hiyo hata anayeoa anahitaji kwanza ile njia ya kuongeza siku. Na pasi ya mtegemezi si kibali cha kazi. Mume Mwitaliano aliyezoea kujilisha kwa mikono yake atakaa nyumbani akiitwa mtegemezi wa mke wake mpaka apate kibali. Nimeona hilo likivunja zaidi ya kiburi.

Mbele zaidi mlango unafunguka. Baada ya miaka mitatu ya ndoa na Mkenya, mwenza anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Baada ya miaka saba, ibara ya 15 ya katiba inampa haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia. Katiba ya 2010 haichagui hapa kati ya mume na mke. Ya zamani ilichagua: mke wa kigeni wa Mkenya mwanamume aliweza kusajiliwa, mume wa kigeni wa Mkenya mwanamke hakuwa na njia hiyo. Tanzania bado iko pale pale, kwa kuwa sheria yake ya uraia ya 1995 inamtaja mwanamke aliyeolewa na Mtanzania, huku mume wa kigeni akipita njia ndefu ya kila mgeni mwingine. Dada zetu wa Tanga wanaolalamika wana haki ya kulalamika.

Basi ugomvi wangu na sheria yetu uko wapi? Uko hapa: inamjua mgeni na inamjua mwenza wa ndoa, katikati hakuna mtu. Watu wawili waliokaa pamoja mwaka mzima kwa vipande vya miezi, wanaotaka kujuana zaidi kabla ya kuingiza wazee, hawana jina. Matokeo yake kalenda imegeuka mshenga. Siku ya 170 inawaharakisha kuliko shangazi yeyote.

Upande wa serikali una hoja, na si ndogo. Mapenzi hayana cheti. Ukianzisha pasi ya wapenzi, kesho kila anayetaka kukaa atapata mpenzi. Hata ndoa zenyewe zinatiliwa shaka, ndiyo maana sheria ya 2011 inamtaka anayeomba uraia kwa ndoa awe hakuoa kwa ajili ya kupata nafuu ya uhamiaji. Atakayesema shaka hiyo ni uzushi hajakaa pwani. Vilevile kuna anayeumia kimya, mara nyingi Mkenya mwenyewe, aliyeahidiwa harusi na mtu ambaye alikuwa anatafuta muhuri, au likizo ndefu ya bei nafuu.

Wengine hutoa mfano wa nchi zenye viza ya mchumba. Nilikuwa mmoja wao mpaka nilipoisoma vizuri. Uingereza inampa mchumba miezi sita ili waoane, bila ruhusa ya kufanya kazi. Marekani inampa siku 90 tangu aingie. Hawajaoana ndani yake, aondoke. Huyo ni mshenga yule yule, kavaa suti. Bora Kenya iruhusu pasi ya mgeni ifike mwaka mmoja pale raia anapojitokeza kwa jina na kitambulisho chake kumdhamini, bila haki ya kazi, na mdhamini abebe gharama za kumrudisha mgeni akikiuka. Anayemwamini mpenzi wake ataweka saini. Asiyemwamini atakuwa amejua jambo.

Kuna njia moja isiyotajwa sana kwa sababu si ya kila mtu. Mgeni wa miaka 35 au zaidi mwenye pato la uhakika la angalau dola 24,000 kwa mwaka anaweza kuomba kibali cha daraja K, akakaa bila kuajiriwa na bila kuoa. Kwa mstaafu mwenye pensheni hii ndiyo njia safi kuliko zote, na nashangaa wangapi hupitia kwa AG wakati ilikuwa wazi. Kijana wa miaka 28 asiye na pensheni haimhusu.

Na mtoto? Akizaliwa na mzazi Mkenya ni raia, popote alipozaliwa. Uraia huo ni wake. Baba yake bado anahesabu muhuri kama jana.

Kwa wale wa siku ya 83, ombi liingizwe leo usiku, si Jumatatu. Tiketi ya kurudi ihamishiwe tarehe ya baadaye, isifutwe. Cheti cha kutokuwa na kizuizi kiagizwe kwao hata kama bado hamjaamua, ila mkumbuke kwamba cha Mjerumani hupoteza nguvu baada ya miezi sita. Na miezi sita ya pasi ya mgeni ikikatika kabla hamjaamua, aondoke kwa tarehe yake, mumsindikize uwanjani mkijua kwamba pasipoti isiyo na doa ndiyo itakayomrudisha.