Baba aliishia kwenye mwembe

Katika miaka saba niliyosoma shule ya msingi Kilosa, Tanzania, baba yangu alifika shuleni mara mbili. Mara ya kwanza aliitwa kwa deni la dawati. Mara ya pili nilikuwa nimepasua kioo cha ofisi kwa jiwe nililolengea embe. Mara zote mbili hakuuvuka ule mwembe wa mbele ya ofisi. Alisimama pale, kofia mkononi, akimsubiri mwalimu mkuu atoke. Baba alikuwa fundi baiskeli, mbishi asiyeshindwa na mtu kijiweni kwake, lakini chini ya mwembe ule alikuwa anaitikia tu: "Ndiyo mwalimu. Sawa mwalimu."

Nilimkumbuka Aprili iliyopita, nilipokuwa nimekaa kwenye kiti cha mtoto wa darasa la tatu hapa Chicago, magoti yakinigusa kidevu. Katika shule za umma za mji huu kuna siku wanafunzi hubaki nyumbani, wanakuja wazazi kuonana na walimu, kila mmoja na dakika zake kumi na tano. Mwalimu wa mwanangu aliweka mezani karatasi mbili, aya aliyoiandika kijana Septemba na nyingine ya Machi. Akanionyesha kwa kalamu pale sentensi zilipoanza kurefuka, na pale anapoendelea kukwama. Kisha akaniuliza, "Akiwa nyumbani, anapenda kusimulia habari gani?" Nikababaika. Natoka kazini saa tatu usiku, namkuta amelala. Nilijibu kitu cha kujitetea, nikaona aibu njia nzima.

Ripoti zangu za Kilosa zilikuwa na jambo moja tu ambalo baba alilisoma kwa sauti: "Nafasi, wa 43 kati ya 112." Akauliza nani wa kwanza, akasikitika kidogo, akaikunja na kuichomeka juu ya kabati. Hakuna mahali ripoti ile ilipomwambia kwamba mwanawe hajui kugawanya. Angejua, angenifundisha kwa spoki za baiskeli. Hesabu za fedha alikuwa anazipiga kichwani upesi kuliko mwalimu wangu.

Ndiyo maana nakereka ninaposikia wenzangu wa huku, tukikutana misibani na kwenye sherehe, wakisema wazazi wa nyumbani hawajali, Wazungu ndio wanaofuatilia watoto wao. Nimekaa hapa miaka kumi na moja na sijaona mzazi wa Kimarekani anayempenda mwanawe kuliko mama yangu alivyonipenda. Nilichokiona ni shule zilizobanwa na sheria. Sheria ya elimu ya mwaka 1965, katika sehemu yake ya kwanza, hupeleka fedha za serikali kuu kwenye shule zenye watoto wengi wa familia maskini, na kwa jinsi ilivyo leo fedha hizo zina masharti. Shule lazima iwe na mpango wa maandishi wa kuwashirikisha wazazi, uliotungwa pamoja nao, na iwaite angalau mara moja kwa mwaka kuwaeleza haki zao. Wilaya ya elimu inayopata zaidi ya dola 500,000 za mfuko huo hutenga angalau asilimia 1 kwa kazi hiyo. Sheria nyingine, ya 1974, inampa mzazi haki ya kuona kumbukumbu zote za mwanawe shuleni. Na mzazi asiyejua Kiingereza anatakiwa kutafutiwa mkalimani, si kumtumia mtoto mwenyewe atafsiri maovu yake.

Hilo la mwisho nalijua kwa karibu, maana kwa muda nilikuwa mkalimani wa Kiswahili kwa simu, zaidi kwa familia zilizotoka Kongo. Kazi ile ina siri zake, kwa hiyo nitasema jambo moja tu. Akina mama walikuwa wanaanza kama baba: "Ndiyo. Sawa. Asante mwalimu." Ila mwalimu akiuliza swali kama lile nililoulizwa mimi, mtoto huyu ni mtu wa namna gani, simu ilikuwa inachangamka. Mama anaeleza jinsi mtoto alivyowalea wadogo zake kambini, jinsi asivyopenda kufokewa mbele za watu, na upande wa pili nasikia kalamu inaandika.

Kisha kuna baraza la shule. Tangu mageuzi ya mwaka 1988, shule nyingi za umma za Chicago zina baraza linalochaguliwa: wazazi sita, wakazi wawili wa mtaa, walimu wawili, mfanyakazi mmoja asiye mwalimu, na mwalimu mkuu, na sekondari huongezwa wanafunzi. Baraza hilo ndilo linalomchagua mwalimu mkuu kwa mkataba wa miaka minne na kuidhinisha bajeti. Mimi sina uraia. Simpigii kura rais wala meya. Lakini kura ya baraza la shule nimepiga, kwa sababu kinachotazamwa pale ni kwamba una mtoto shuleni.

Nisije nikaonekana nimetekwa. Viti vya mabaraza hayo vinakosa wagombea kila mara, na nimehudhuria kikao kilichokuwa na watu saba pamoja na mlinzi. Shule za mitaa ya wenye nacho, wazazi wanachangishana fedha za kulipia mwalimu wa muziki. Shule ya pili yake, vituo kumi vya basi mbele, inauza keki kununua karatasi. Simu yangu inalia ujumbe wa shule mara nne kwa siku, na ujumbe wa maana unafukiwa na tangazo kwamba kesho ni siku ya kuvaa soksi zisizofanana. Na jambo linaloniuma zaidi ni kwamba mwanangu akionekana mtaani saa nne asubuhi siku ya shule, hakuna atakayemuuliza kitu. Kilosa nilipotoroka, muuza maandazi wa sokoni alinishika sikio na kunirudisha darasani mwenyewe, akaacha biashara yake chini ya ulinzi wa mwenzake. Yule mama hakuwa kwenye kamati yoyote.

Kamati Tanzania tunazo, tena za siku nyingi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulioanza 2002 uliziongezea kamati za shule za msingi madaraka juu ya fedha za ujenzi na ruzuku, na wazazi wamo. Ila katibu wa kamati ni mwalimu mkuu, ambaye ameletwa na halmashauri na atahamishwa na halmashauri. Mzazi mjumbe anapelekewa muhtasari asaini. Wapo wajumbe wakali wanaohoji, nawavulia kofia, lakini mfumo unawategemea wawe wakali. Hauwapi nguvu yenyewe.

Kwa miaka mingi kilichomvuta mzazi shuleni kilikuwa mchango. Dawati, mlinzi, mtihani, uji. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulipofuta ada na michango ya lazima, kuanzia Januari 2016 elimu ikawa bila malipo mpaka kidato cha nne, nami nilishangilia kwa sababu ya kofia ya baba. Watoto waliokuwa wanarudishwa nyumbani kwa madeni walirudi madarasani. Lakini pamoja na mchango ikakatika kamba pekee iliyokuwapo kati ya shule na nyumba, na hakuna aliyekuwa amesuka nyingine. Mzazi akasikia "elimu bure" akajua serikali imemaliza kila kitu. Mwalimu akawa na darasa lililofurika na hana sababu wala muda wa kumwita mtu.

Mdogo wangu wa kike ana binti darasa la nne, mwaka wa upimaji wa taifa. Nilimpigia nikajifanya mshauri: nenda shuleni, zungumza na mwalimu wake. Akacheka. "Kaka, niende nikaseme nini? Mtoto hajafanya kosa." Nikamuuliza kuhusu vikao vya wazazi. Akanitajia ajenda kama anasoma dua: kufungua kikao, taarifa ya mwalimu mkuu, chakula cha mchana, nidhamu, mengineyo, kufunga. Masomo ya watoto yako wapi hapo? "Kwenye mengineyo, kama jua halijatuchoma." Na kikao kinaitwa Jumanne saa nne asubuhi, saa ya yeye kuuza nyanya.

Siwezi kuwaambia walimu wa nyumbani waige dakika kumi na tano za Chicago. Darasa la binti huyo lina watoto 120. Dakika 15 kwa kila mzazi ni saa 30, na mwalimu ni mmoja. Lakini wazazi kumi kila Jumatano baada ya vipindi, kwa kufuata vitongoji, wanaisha katika wiki 12. Saa moja tu, daftari mezani, kila mtoto asome aya moja mbele ya mzazi wake. Asiyejua kusoma naye asikwepe: mtoto anayekwama kila neno anasikika hata kwa asiyejua a wala be.

Tena hili limeshafanyika kwetu, na kwa ukubwa. Mwaka 2010 watu wa Uwezo, mradi wa kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, walianza kuzunguka nyumba kwa nyumba Tanzania wakiwapima watoto kwa hadithi ya kiwango cha darasa la pili, mzazi akiwa pale pale, na matokeo anaambiwa hapo hapo. Mwaka ule karibu mtoto mmoja tu kati ya watatu wa darasa la tatu aliweza kuisoma hadithi ya Kiswahili. Magazeti yaliandika takwimu. Mimi nawaza wale wazazi waliokaa kwenye mkeka wakamsikia mtoto wao akikwama, pengine kwa mara ya kwanza tangu aanze shule.

Na tuna kitu ambacho shule za Chicago hununua kwa saa: mwalimu na mzazi wengi wanaongea lugha moja. Msingi tunafundisha kwa Kiswahili. Daftari la sayansi la binti wa darasa la nne, mama yake analielewa akilifungua. Tunalitumia hilo miaka yote ya msingi? Tunasubiri mtoto aingie kidato cha kwanza, masomo yageuke Kiingereza, ndipo tunasema wazazi washiriki. Hata hapo mzazi ana la kufanya. Amwambie mtoto aeleze kwa Kiswahili alichofundishwa leo. Asiyeweza kueleza kwa lugha anayoiota usiku, alichonacho ni nakala za ubaoni.

Kuna kitu kimoja zaidi ningekiiba huku. Mwaka 1998, Sacramento, mji wa jimbo la California, walimu walianza kuwatembelea wazazi majumbani, wawili wawili, kwa hiari na kwa malipo, na safari ya kwanza hawaendi kushtaki. Wanauliza unatamani mwanao awe nani. Kwetu walimu walikuwa wanapita jioni bila mradi wowote, walipokuwa wanaishi jirani. Siku hizi wengi wanakaa mbali, nauli ni yao, na ruzuku ya shule haitoshi hata chaki. Nani alipe nauli hiyo? Sisi wa ughaibuni tunaotuma fedha za kupaka rangi madarasa na kupigwa picha tungeweza kuanzia hapo, ingawa nauli haiwekewi jiwe la msingi.

Jana mdogo wangu amenitumia sauti. Hakusubiri kikao. Alimvizia mwalimu getini akamwomba aone daftari la hesabu la binti yake. Mwalimu akashtuka, akauliza kuna malalamiko gani. Akamwambia hakuna, anataka kuona tu. Mwalimu akafikiri kidogo, akasema aje Jumatano saa tisa, na kama anamjua mama mwingine wa mtaani kwao, aje naye.