Kilo 3,500 ni za tela lenye breki
Mwandishi wa makala ya kuvuta tela kwa pikapu anasema pikapu za sasa zinavuta tani tatu na nusu, kwa hiyo mwenye gari jipya hana cha kuhofia. Karuka jambo kubwa: hizo kilo 3,500 ni za tela lenye breki zake lenyewe; kwa lisilo na breki, vitabu vya pikapu hizohizo huishia kilo 750. Sasa tazama matela mengi yanayochomelewa Arusha na Moshi: ekseli ya gari kuukuu, springi, ndoano, basi. Hata mnyororo wa akiba, wa kulishika tela ndoano ikiachia, hakuna. Pakia mifuko 40 ya saruji, yaani tani mbili, ushuke nalo kutoka Rhotia kwenda Mto wa Mbu: breki za pikapu zinabeba kila kitu, mafuta ya breki yanachemka, pedali inazama hadi chini. Na uzito unaokaa juu ya ndoano? Ni kama asilimia 10 ya tela. Tela la kilo 3,500 linakandamiza kilo 350, nazo zinatoka kwenye uwezo wa pikapu yenyewe wa kubeba mzigo. Kama uwezo huo ni kilo 900, ukipakia watu watano (kilo 375 hivi) umebakiwa na 175 hivi. Wajanja husogeza mzigo nyuma ya tela kupunguza hizo kilo za ndoanoni, ndipo linapoanza kuyumba. Likiyumba usikanyage breki ghafla, achia pedali ya mafuta taratibu, usukani unyooshe. Mkaguzi wa bima akikuta uzito umepita ulioandikwa kitabuni, nani alipe: mwenye gari, dereva, au aliyechomelea ndoano?