Sonona chuoni: bumu limechelewa au mtu anaumwa?

Wanachuo wana msemo wao, "pasi ndefu": unakunywa chai saa tano asubuhi, ikufikishe usiku bila chakula cha mchana. Ndiyo maana sonona, ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa kusikoisha, ikitajwa vyuoni, wengi hujibu papo hapo: huyo haumwi, mpeni bumu lake, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, muone kama hatacheka.

Hoja hiyo siidharau. Mwaka 2022 posho ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo ya wanafunzi Tanzania ilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na humo mtu ale na alale. Tena dodoso la PHQ-9, linalotumika sana kupima sonona, lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Matatu yanahusu usingizi, uchovu na kutulia kwenye masomo. Anayebebana na mwenzake kitanda cha futi mbili na nusu, tumbo likiwa tupu, anaweza kupata alama 9 hapo tu, na kuanzia 10 huonekana anahitaji kuchunguzwa.

Lakini mwenzangu wa chumba, mwaka wa pili, alilipiwa kila kitu na wazazi. Alilala akiugeukia ukuta. Nguo alizoloweka Jumamosi zilianza kunuka kwenye ndoo, akawa anairuka kwenda msalani. Tulimwambia ajikaze. Alipopata sapu tatu, mitihani ya kurudia masomo aliyofeli, tukasema ndizo zilizompa mawazo, ilhali alianza kunyamaza miezi miwili kabla ya mitihani. Kosa hilo liko hata kwenye tafiti zinazowahoji wanafunzi mara moja tu: zinakuta sonona na kufeli vimekaa pamoja, haziwezi kusema kipi kilimleta mwenzake.

Kwangu mimi, bumu litoke kwa wakati, hilo halina mjadala. Ila swali la tisa la dodoso, linalouliza kama mtu amewaza afadhali afe, halielezeki kwa njaa peke yake. Na nani atalijibu kweli? Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya, Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu chao cha namna hiyo kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025.

Mwenzangu alikuja kuchukuliwa na dada yake, akapelekwa hospitali, akatibiwa. Dada alimuuliza swali hilo la tisa siku ya kwanza. Sisi tulikaa naye muhula mzima.