Kabla hujaifuta programu, fataki yenyewe umeipima?

Juzi usiku, saa sita kasoro, simu yangu iliita. Alikuwa kijana mmoja tunayefanya naye kazi hii ya kupanga maonyesho ya fataki, mwenye jicho zuri kuliko langu nilipokuwa na umri wake. Alikuwa ametoka uwanjani muda si mrefu. "Kaka, programu imeniangusha," akasema, na nilisikia kabisa kwamba ameshalia. Alimaanisha programu ya kompyuta tunayotumia kupanga kila fataki ipasuke kwenye pigo lake la muziki. Kwenye skrini onyesho lake lilikuwa limekaa na muziki kama kidole na pete. Angani mambo yakaja kwa kuchelewa. Watu walishangilia, maana watu hushangilia fataki yoyote, lakini yeye aliona, na anayeijua kazi hii anajua inavyouma.

Kuchelewa hakukunikera. Kilichonikera ni ushauri aliokwisha kupewa na wenzetu watatu kabla hajanipigia mimi: futa programu, uiweke upya. Skrini ikiwa nyeusi, futa uweke upya. Muziki ukikatika, futa uweke upya. Na kijana wa watu alikuwa tayari ameanza kufuta, pamoja na orodha ya fataki aliyoijenga mwaka mzima kwa mikono yake, bila nakala ya akiba. Nikamwambia asimame hapo hapo.

"Zipi zilichelewa?" nikamuuliza.

"Zote, kaka."

"Hata zile za chini, chemchemi za cheche?"

Akanyamaza kidogo. "Hapana. Zile zilikuwa sawa. Na ndogo za juu nazo zilikuwa sawa. Kubwa ndizo zilizochelewa."

Basi jibu lilikuwa limeshapatikana, na halikuwa ndani ya programu. Nilipofungua faili yake nikakuta safu ya muda wa kupanda ina namba moja kutoka juu hadi chini. Alikuwa ameandika fataki ya inchi 3 vizuri, akainakili mstari wake, akabadilisha jina, rangi na ukubwa, na muda wa kupanda akauacha. Sasa, fataki ya inchi 3 kwa kawaida huchukua kama sekunde 2 na nusu hadi 3 tangu inapotoka kwenye bomba hadi inapopasuka. Ya inchi 6 huchukua sekunde 4 au zaidi kidogo. Programu hufanya hesabu moja tu: wewe unaweka mpasuko juu ya pigo la muziki, yenyewe inatoa muda wa kupanda na kupata saa ya kufyatua. Ukiipa namba ya fataki ndogo kwa fataki kubwa, itafyatua kwa kuchelewa, kila mara, kwa uaminifu wote. Na kwenye skrini utaona imefika kwa wakati, kwa sababu fataki ya kwenye skrini nayo inapanda kwa namba hiyo hiyo uliyoiandika. Haijui nyingine.

Hili ndilo ninalotaka wenzangu walisikie: skrini haiwezi kukuonyesha kosa la namba. Inakuonyesha imani yako tu, ikiwa imepakwa rangi nzuri. Ukiifuta programu mara kumi, ukaiweka mara kumi, namba itarudi ile ile na kosa litarudi lile lile, ila safari hii utakuwa umepoteza na usiku wako.

Kuchelewa kuna sura zake, na ukizijua huhitaji kufuta kitu. Kila kitu kikichelewa kwa kiasi kimoja, kuanzia fataki ya kwanza hadi ya mwisho, angalia mwanzo wa muziki. Faili za muziki zilizobanwa ili zipungue ukubwa mara nyingi huongezewa ukimya mfupi mwanzoni, na ndiyo maana mimi hutumia WAV, faili ya sauti isiyobanwa, na siongelei tena. Mwanzo ukiwa sawa kisha pengo likakua kadiri onyesho linavyoendelea, tazama msimbo wa muda, yaani ile saa inayoufungamanisha muziki na mtambo wa kufyatulia: upande mmoja umewekwa fremu 30 kwa sekunde na upande wa pili 29.97, na kwa onyesho la dakika 20 tofauti hiyo inafika karibu sekunde 1.2. Eneo moja likiharibika na mengine yakawa salama, acha kompyuta, nenda kwenye moduli ya eneo hilo, kile kisanduku kinachowasha fataki za hapo, ukaangalie waya na betri. Kubwa zikichelewa kuliko ndogo, ni muda wa kupanda. Mtu aliyeuliza maswali haya manne ameshaokoa usiku wake kabla hajagusa kitufe chochote.

Mtaniambia orodha ya fataki iliyokuja na programu ina namba tayari. Inazo. Lakini namba hizo ni za makadirio, na fataki uliyo nayo sandukuni imetengenezwa na watu wengine, kwa utambi mwingine na baruti ya kurushia ya kipimo kingine. Mwaka juzi nilipokea sanduku la fataki za inchi 4 na nikaamua kupima kabla ya kupanga chochote. Niliweka simu kwenye kigoda, mbali kwa umbali wa usalama, ikirekodi fremu 60 kwa sekunde, bomba na anga vyote vikiwa ndani ya picha. Tukarusha tatu, mojamoja. Usiku ule nikakaa nazihesabu fremu, kutoka ule mwako mfupi wa manjano mdomoni mwa bomba hadi nuru ya kwanza ya mpasuko. Ya kwanza fremu 211. Ya pili 204. Ya tatu 218. Gawa kwa 60, unapata kama sekunde 3 na nusu, wakati orodha iliniambia 3 kamili. Nusu sekunde! Kwenye wimbo wa taratibu hakuna atakayeigundua. Kwenye wimbo wa mapigo ya haraka, nusu sekunde ni pigo zima limepotea, na ua lako linachanua mahali ambapo mwimbaji amevuta pumzi.

Na muangalie tofauti kati ya hizo tatu. Karibu robo ya sekunde, sanduku moja, siku moja, hali moja ya hewa. Kwa hiyo anayesogeza mpasuko wa fataki kubwa kwa mia moja ya sekunde kwenye mstari wa muda anajichosha bure. Usahihi wa kiwango hicho waachie zile ndogo za kupiga moja kwa moja kutoka chini, ambazo zinalipuka hapo hapo zinapowashwa. Hizo ndizo za kushikia mapigo makali. Fataki kubwa zipe nafasi pana za muziki, sehemu wimbo unapofunguka.

Pimeni kwa nuru, si kwa sauti. Sauti hutembea kama mita 340 kwa sekunde, hivyo mtu aliye mita 170 kutoka kwenye mpasuko anausikia nusu sekunde baada ya kuuona. Kuna wanaojaribu kupanga mlio ndio ukae kwenye muziki. Siwaelewi: mtazamaji wa mbele na wa nyuma hawausikii kwa wakati mmoja, lakini nuru wanaiona pamoja.

Sisemi programu hazina makosa. Zinayo. Skrini nyeusi mara nyingi ni dereva ya kadi ya picha (programu ndogo inayoendesha picha za kompyuta) iliyozeeka, na hapo kusasisha kunasaidia kweli. Na nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba watengenezaji wangeweza kuweka onyo linaloonekana pale fataki ya inchi 3 na ya inchi 6 zinapopewa muda mmoja wa kupanda. Si kazi ngumu, na ingewaokoa wengi.

Lakini onyo au bila onyo, faili ya mwisho lazima isomwe na macho ya mtu. Tarehe 4 Julai 2012, San Diego, Marekani, fataki zipatazo 7,000 zilizopakiwa kwenye matishali majini zililipuka karibu zote kwa mara moja, chini ya dakika moja, kwenye onyesho lililopangwa kuzidi dakika 15. Hakuna aliyeumia. Waandaaji walieleza kwamba faili kuu na faili ya akiba ziliunganishwa kuwa faili moja, na kosa likazaliwa kwenye kuunganisha. Mimi kila nikikumbuka hilo nafungua skripti iliyokwisha kutolewa na programu, yaani orodha ya saa za kufyatua, ile yenyewe inayokwenda kwenye mtambo wa kufyatulia, na kuisoma kama jedwali la kawaida. Naangalia mstari wa kwanza na wa mwisho. Naangalia kama kuna namba za pini, yaani matundu ya kuchomekea waya za fataki, zinazojirudia. Naangalia kama nukta za desimali zimebaki nukta au kompyuta imezigeuza koma, maana koma hukata safu katikati, na saa ya kufyatua ikabaki imekatwa mkia. Inachukua robo saa. Sijawahi kuijutia.

Tulimaliza na kijana saa nane usiku. Hakufuta kitu. Jana amenitumia video tatu za majaribio, inchi 6, simu imewekwa juu ya kigoda, na chini yake ameandika: "Fremu 251, 259, 246. Kaka, hebu hesabu na wewe uone kama tunapata sawa." Nimehesabu. Ile ya pili mimi napata 258.