Kabla ya kuhama chumba, msikilizeni anaponyamaza

Mwandishi wa makala yenu kuhusu kukoroma anatushauri sisi wenye wenza wanaokoroma tuweke pamba masikioni au tuhamie chumba kingine. Jamani, kabla ya kuhama, sikilizeni kwanza. Mume wangu alikuwa anakoroma mpaka majirani wanasikia, lakini kilichonitia hofu hasa ni pale aliponyamaza ghafla: kifua kinahangaika, hewa haipiti, halafu anashtuka na kuhema kama mtu aliyeibuka majini. Asubuhi kichwa kinamgonga, mchana anasinzia hadi kwenye usukani. Huo ni ugonjwa. Koo linaziba usingizini, na pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, mara 5 na kuendelea kwa saa, madaktari hawaiti tena kukoroma tu. Presha nayo hupanda. Mrekodini kwa simu mkamwonyeshe daktari wa masikio, pua na koo, maana mwenyewe atakataa katakata. Kulala kwa ubavu na kuacha pombe za usiku huwasaidia baadhi. Wangu alipewa mashine ya kusukuma hewa puani, sasa analala vizuri. Bei yake ilituumiza na bima yetu haikuilipia. Hilo ndilo ningeomba gazeti lifuatilie.