Magurudumu ya Curiosity
Mwandishi wa makala niliyosoma kuhusu Curiosity, kigari cha utafiti cha NASA (shirika la anga la Marekani), anasema bado kinapanda Mlima Sharp huko kwenye sayari ya Mirihi, ila suala la magurudumu kalipita haraka mno. Kigari kile kilitua Agosti 2012 kwa kazi iliyopangiwa miaka miwili hivi. Magurudumu yake ni ya alumini, mawe makali yameyatoboa matundu, na fundi wa kuyaziba hayupo. Mimi hapa Mbagala pikipiki yangu nimeziba pancha mara tatu mwezi huu, tena kwenye lami! Wala kigari hicho hakiendeshwi kwa usukani, maana ishara ya redio kutoka Duniani yaweza kuchukua zaidi ya dakika 20 kufika. Wahandisi wanatuma maagizo, wanasubiri. Umeme kinaupata kwenye joto la plutoni (metali ya nyuklia), si jua, ndiyo maana vumbi halijakizima kama lilivyoizima Opportunity, kigari kingine cha Mirihi kilichotegemea jua, mwaka 2018.