Kösem Si Hürrem

Shangazi yangu wa Makorora aligoma kumtazama Kösem. Nakumbuka vizuri kwa sababu kwenye Sultan, ile tamthilia ya Kituruki, alikuwa hakosi hata siku moja. Ikifika saa yake nyumba nzima hunyamaza, mlango wa uani hufungwa, na anayepiga hodi huitikiwa "karibu" bila mtu kuinuka. Hürrem, yule binti mtumwa aliyekuja kuwa mke wa Sultani, alikuwa wake. Leo anamlaumu, kesho anamtetea, keshokutwa anamwombea dua kama binti aliyemzaa mwenyewe. Sultan ikaisha, ikaja ile ya Kösem, binti mwingine mtumwa aliyeletwa kwenye kasri lile lile la Istanbul. Shangazi akatazama siku tatu. Siku ya nne nilimkuta uani anachambua mchicha, televisheni inajisemea peke yake sebuleni. Nikamwuliza kulikoni.

"Mwanangu, huyu si Hürrem," akaniambia. "Wamempa nguo zake tu."

Jibu lile halijanitoka mpaka leo. Barazani kwetu hapa Ngamiani, Tanga, tunabishana sana juu ya tamthilia hizi zinazozaliwa na tamthilia nyingine. Sisi twaziita "mtoto wa": Kösem mtoto wa Sultan, Saul mtoto wa Breaking Bad. Na wengi wakishashika kikombe cha kahawa husema neno moja: mtoto hawezi kufikia cheo cha mama, watengenezaji wanatafuta pesa kwa jina lililokwisha vuma. Mimi siamini hivyo. Ila nimechukua muda kujua kwa nini siamini, na shangazi ndiye aliyenionyesha njia.

Kwanza, huyo Kösem hakukosa kisa. Ukifungua historia ya Waosmani, maisha yake yana mambo makubwa kuliko ya Hürrem. Hürrem alikuwa mke wa Sultan Süleyman mwenye nguvu nyingi, lakini Kösem alishika usukani wa dola yenyewe kwa niaba ya mwanawe Murad IV aliyetawazwa akiwa mtoto, na baadaye tena kwa niaba ya mjukuu wake Mehmed IV, hadi alipouawa mwaka 1651. Wala hakukosa mwandishi. Meral Okay, aliyeianzisha Muhteşem Yüzyıl, ambayo ndiyo Sultan yetu, alifariki mwaka 2012 tamthilia ikiwa bado inaendelea. Yılmaz Şahin akaipokea kalamu, na ndiye huyo huyo aliyeandika ya Kösem ilipoanza mwaka 2015.

Tena tusiseme shangazi alishindwa kuzoea sura ngeni. Meryem Uzerli, Hürrem wa kwanza, aliondoka mwaka 2013, nafasi yake akaishika Vahide Perçin. Mwanamke mwingine kabisa, macho mengine, sauti nyingine. Shangazi alinung'unika juma moja, kisha akaendelea kutazama kama kawaida, kwa sababu matatizo yalikuwa yale yale ya Hürrem: wanawe, hofu yake, maadui zake. Sura ilibadilika na mtu akabaki. Kwa Kösem ilikuwa kinyume chake. Walimpitisha njia ya Hürrem hatua kwa hatua: utekwaji, nyumba ya wanawake, jina jipya, mapenzi ya Sultani, mama mkubwa wa kasri anayemtazama kwa jicho baya. Hicho ndicho shangazi alichokiita nguo.

Sasa nije kwa huyo anayenifanya nibishe.

Breaking Bad ilianza Januari 2008 na kuisha Septemba 2013, vipindi 62. Kwetu ilifika kwa flashi, tukijaziwa na vijana wa vibanda vya muvi, msimu mmoja mmoja, na kuna waliolala macho mekundu wiki nzima. Mwalimu wa kemia wa Albuquerque, New Mexico, Walter White, anaambiwa ana saratani ya mapafu, anaanza kupika dawa za kulevya ili aiachie familia chochote, na polepole anageuka kuwa mtu wa kuogopwa hata na familia hiyo. Sijaona tamthilia iliyofungwa vizuri kama ile. Kwa hiyo niliposikia kwamba Vince Gilligan na Peter Gould wanamtengenezea tamthilia yake wakili Saul Goodman, nilisikitika kweli. Nilijiambia wanakwenda kuharibu.

Saul ni nani? Ni wakili wa matangazo ya televisheni, suti za rangi kali, mdomo mwepesi. Aliingia msimu wa pili, mwaka 2009, katika kipindi ambacho Gould mwenyewe alikiandika. Kazi yake ilikuwa kutupumzisha: mambo yakizidi kuwa mazito, analetwa Saul aseme maneno yake, tunacheka, tunaendelea. Katika kipindi hicho cha kwanza anatekwa na watu waliofunika nyuso, anapigishwa magoti jangwani mbele ya kaburi lililochimbwa. Kwa hofu anaropoka kwamba si yeye, ni Ignacio, kisha anauliza kama waliomteka wametumwa na Lalo. Hatukujua Ignacio ni nani wala Lalo ni nani. Kipindi kikapita, majina yakapita nayo.

Miaka sita baadaye, Februari 2015, ikaanza Better Call Saul, tamthilia yake hiyo inayosimulia maisha yake ya nyuma, na ndani yake yumo kijana aitwaye Ignacio, wanamwita Nacho. Na mwaka 2018, msimu wa nne, akaingia Lalo Salamanca akitabasamu. Waandishi walirudi kwenye maneno mawili ya mtu aliyekuwa akitetemeka, wakauliza: mtu anapodhani anakufa, anataja nani? Anataja anaowaogopa kuliko wote. Basi waogopwe hao walikuwa nani, na walimfanya nini? Hapo ndipo nilipovua kofia. Hawakuchukua kile ambacho mama alikipamba. Walichukua kile ambacho mama alikidondosha njiani.

Kuna jambo wapenzi wa muvi wa hapa watalielewa haraka. Tumekulia kwenye vibandaumiza, na sheria ya kibandaumiza inajulikana: stelingi hafi. Tamthilia inayosimulia mambo ya nyuma ina ugonjwa huo kwa kuzaliwa. Saul hawezi kufa, tumeshamwona baadaye. Mike hawezi kufa, Gus Fring hawezi kufa, nao wamo katika Breaking Bad. Unatishwa na bastola ambayo unajua haitafyatuka. Walichofanya ni kuihamisha roho yako. Wakamleta Kim Wexler, aliyeigizwa na Rhea Seehorn, wakili mwenye akili, mchapakazi, anayempenda Jimmy (hilo ndilo jina la Saul kabla hajawa Saul). Kim hayumo kabisa katika Breaking Bad. Hatajwi hata mara moja. Kwa hiyo tangu unapoanza kumpenda, swali linakukaa kooni: huyu alikwenda wapi? Kila mlango ukifunguliwa unamwangalia yeye. Sitasema ilivyokuwa, maana najua kuna ambao hawajamaliza.

Na Chuck. Juu ya Chuck naweza kuandika siku nzima. Ni kaka mkubwa wa Jimmy, wakili anayeheshimika, mgonjwa anayeamini umeme unamuumiza, anakaa ndani ya nyumba isiyowashwa taa. Jimmy ndiye anayempelekea chakula, barafu na magazeti kila siku, na kuiacha simu yake nje kabla ya kuingia. Jimmy huyo alikuwa akigawa barua katika kampuni ya kaka yake, akasoma sheria kwa njia ya posta usiku usiku, akafaulu, akaomba kazi pale. Akanyimwa. Kwa muda mrefu anamchukia mshirika wa Chuck katika kampuni, kwa kudhani ndiye aliyemzuia. Wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako. Kumbe ni kaka yake. Siku anapojua, Jimmy anasimama mbele ya mtu aliyekuwa akimuuguza. Nina kaka mkubwa mimi, na ninampenda, na usiku ule sikuweza kulala.

Rafiki yangu mmoja wa baraza, fundi baiskeli, aliacha kwenye kipindi cha tatu. "Kaka, inakwenda kama konokono." Ni kweli, inakwenda polepole. Jimmy ana ofisi nyuma ya saluni ya kucha na gari bovu la njano lenye mlango mmoja mwekundu, na vipindi vinapita akitafuta wateja. Fundi akanitolea methali: nyota njema huonekana asubuhi. Nami nikamkumbusha mkonge. Mkonge wa Tanga umetokana na miche 62 iliyofika hai mwaka 1893, iliyoletwa na Richard Hindorf kutoka Florida. Idadi ile ile ya vipindi vya Breaking Bad, jambo ambalo hunifurahisha kila nikilikumbuka. Kila aliyekulia karibu na shamba la mkonge anajua kwamba mmea ukishatoa mlingoti wake mmoja unakufa, na vichipukizi vinavyoota juu ya mlingoti havipelekwi shambani siku ile ile. Vinakaa kitaluni kwanza, vishike mizizi yao. Msimu wa kwanza wa Better Call Saul ulikuwa kitalu. Anayeuliza singa wakati huo anauliza mapema.

Tamthilia iliisha Agosti 2022, misimu sita, vipindi 63. Wiki iliyofuata nilirudi kutazama Breaking Bad tangu mwanzo, na ndipo nilipopata kipimo changu. Saul akaingia na suti zake na maneno yake, na mimi sikucheka. Yale yale niliyokuwa nikiyachekea mwaka ule, sasa nilimwona mtu aliyejifungia ndani ya jina la bandia kwa sababu jina lake la kwanza lilimuuma mno. Hakuna neno lililobadilishwa katika Breaking Bad, lakini haikuwa tena tamthilia niliyoijua. Mtoto alikuwa ameingia nyumbani kwa mama na kuwasha taa katika chumba ambacho sote tulidhani ni stoo.

Hicho ndicho ninachokiita kufikia cheo cha mama. Tuzo hazinisaidii hapa. Breaking Bad ilichukua Emmy ya tamthilia bora mara mbili, 2013 na 2014, ilhali Better Call Saul iliteuliwa mara 53 katika vipengele mbalimbali vya Emmy na haikupewa hata moja, na jambo hilo linanikera mpaka sasa nikikumbuka alivyoigiza Bob Odenkirk, aliyeanguka kwa mshtuko wa moyo kazini mwaka 2021 akapona na kurudi kumaliza.

Zilizoshindwa zipo, na nyingi. M*A*S*H, ya madaktari wa jeshi vitani, ilipofungwa Februari 1983, Wamarekani zaidi ya milioni 100 walikuwa mbele ya televisheni. Mwaka huo huo ikaletwa AfterMASH, baadhi ya wahusika wale wale lakini vita vimekwisha, na kumbe vita ndivyo vilivyokuwa tamthilia. Ikafa mwaka 1985. Joey wa Friends alihamishiwa Los Angeles peke yake, bila wale wenzake watano waliomfanya awe Joey, akadumu misimu miwili. Frasier alitoka Cheers kwa njia nyingine: akahamishwa mji, akapewa baba polisi mstaafu anayehitaji kutunzwa na ndugu asiyejulikana kabla. Shida mpya, zake mwenyewe. Akakaa misimu 11, sawa na mama.

Kwani sisi watu wa Tanga tunashangaa nini? Wilson na George Kinyonga walipiga muziki hapa na Jamhuri Jazz kabla hawajavuka kwenda Kenya na kujenga Simba Wanyika. Mwaka 1978 wanamuziki kadhaa wakajitoa Simba Wanyika, akiwemo Omar Shabani na gitaa lake la rithim, wakaunda Les Wanyika. Ni mjukuu wa Tanga, ukipenda. Walibaki na neno la ukoo katika jina lao, basi. Sina Makosa ilipotoka, sauti ya mwimbaji ikatangulia bila haraka na gitaa likaacha nafasi za kupumua, haikuwa Simba Wanyika wadogo. Wazee wa baraza letu wanaosema mtoto hamfikii mama ndio hao hao wanaosimama kucheza wimbo huo kwenye kila harusi, na hakuna anayeuliza kwanza umezaliwa na nani.

Juzi nilipita tena Makorora. Baada ya shikamoo na chai nilimrudisha shangazi kwenye maneno yake ya nguo, nikamwuliza: kama wangekuachia wewe uchague, mtoto wa Sultan angekuwa nani? Nilitegemea atasema Mihrimah, binti yake Hürrem, au mmojawapo wa wale wana wa mfalme.

"Sümbül," akasema, hata sekunde haikupita.

Sümbül, yule towashi msimamizi wa nyumba ya wanawake, anayebeba habari huku na kule, anayetuchekesha.

"Kwa nini yeye, shangazi?"

Akaweka kikombe chini. "Matowashi wale walichukuliwa wangali watoto. Na yule naye alikuwa mtoto wa mtu. Mama yake aliambiwa nini siku ile?"